Kubadilisha freti za gitaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayepiga gitaa, asiyeogopa tupa wala nyundo, na ambaye freti zake zimefika mwisho. Nitasema mapema ninachokiamini kuhusu kazi hii: freti ni chuma, lakini kazi yenyewe iko kwenye mbao. Ukiilinda mbao wakati wa kung'oa na ukaisawazisha ipasavyo kabla ya kupigilia, freti mpya zitakaa bila ubishi mkubwa. Ukikimbiza hatua hizo mbili, utakuja kuzilipia kwa tupa, freti moja baada ya nyingine.

Tukubaliane majina kwanza. Ubao ni ile mbao ya juu ya shingo unapokanyagia nyuzi kwa vidole. Mfereji ni ule mkato mwembamba ndani ya ubao ambamo freti inakaa. Freti ni kile kipande chembamba cha chuma kinachokatiza ubao; ina kichwa, yaani mgongo unaoonekana, na mguu, yaani ulimi mwembamba wenye vijino unaozama mferejini. Nati ni kile kipande cha mfupa au plastiki chenye vijia vya nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa cha gitaa. Trasi rodi ni chuma kinachopita ndani ya shingo kwa ajili ya kuinyoosha.

Freti zangu zimechimbika. Nizibadilishe, au kuzisawazisha kunatosha?

Ondoa nyuzi, chukua vernia, tumia kile kijiti chake cha kupimia kina. Pima kimo cha freti kutoka mbaoni hadi kileleni, kisha pima shimo kubwa kuliko yote lililochimbwa na uzi. Toa cha pili kwenye cha kwanza. Kinachobaki ndicho kimo utakachokuwa nacho baada ya kusawazisha, kwa sababu freti zote zitabidi zishuke hadi chini ya shimo lile.

Freti ya milimita 1.2 yenye shimo la 0.3 inakuachia 0.9. Hapo sawazisha, uendelee kupiga. Freti ya 0.8 yenye shimo hilohilo inakuachia 0.5, na kwa kimo hicho ncha za vidole zinasugua mbao, uzi haushikiki vizuri unapoupinda, na sauti inakosa uwazi. Mimi nikiona kitakachobaki hakifiki 0.7, sioni faida ya kusawazisha tena.

Kuna sababu nyingine isiyohusu uchakavu: ubao wenyewe ukiwa umebinuka mahali, hasa pale shingo inapoingia kwenye mwili wa gitaa, kusawazisha freti juu yake ni kuficha tatizo. Freti zing'olewe, ubao unyooshwe, zipigiliwe mpya.

Naweza kubadilisha chache tu zilizoisha?

Unaweza, na mara nyingi ni uamuzi mzuri. Wapigaji wengi hukaa kwenye freti tano za mwanzo, kwa hiyo ndizo zinazokufa kwanza. Tafuta waya wa upana uleule wa zile zinazobaki, pigilia mpya, kisha zishushe kwa tupa hadi zilingane na wenzake. Ila kama zilizobaki ziko chini ya milimita 0.9, utakuwa unakata chuma kipya ili kilingane na kilichochoka. Afadhali ufanye zote.

Nisipokuwa makini, gitaa litatoka kwenye tyuni milele?

Hofu hii huwazuia watu wengi kuliko inavyostahili. Mahali pa freti panaamuliwa na mfereji, na mfereji tayari upo. Aliyeukata alifuata hesabu ya zamani: gawa urefu wa uzi, kutoka nati hadi daraja (kile kipande cha mwilini nyuzi zinapokalia), kwa 17.817, upate mahali pa freti ya kwanza; urefu uliobaki ugawe tena kwa namba ileile, na kuendelea. Kwenye gitaa lenye urefu wa milimita 648, ambao ndio wa Stratocaster na Telecaster, magitaa ya umeme ya kampuni ya Fender, freti ya kwanza iko milimita 36.4 kutoka nati na ya 12 iko katikati kabisa, 324. Wewe huna haja ya kupima chochote kati ya hivyo.

Unachoweza kuharibu ni umbo la kichwa cha freti. Uzi unatakiwa uguse mstari mwembamba katikati ya kichwa. Freti iliyosawazishwa ikaachwa bapa, uzi hugusa ukingo wake ulio upande wa daraja, si katikati, na noti inapanda kidogo. Ndiyo maana kuviringisha vichwa, hatua nitakayoieleza chini, si suala la urembo.

Ninunue waya gani?

Angalia vipimo vinne: upana wa kichwa, kimo cha kichwa, unene wa mguu na kina cha mguu. Wanunuzi hutazama viwili vya kwanza na kusahau viwili vya mwisho, na hivyo vya mwisho ndivyo vinavyoamua kama freti itakaa.

Upana huanzia karibu milimita 2.0 kwa waya mwembamba wa mtindo wa zamani hadi kama 2.9 kwa ule mkubwa unaoitwa jambo. Kimo huwa kati ya 0.9 na 1.5. Waya wa kimo kikubwa unarahisisha kupinda uzi na unakupa chuma cha kusawazisha miaka ijayo, lakini mwenye mkono mzito atakanyaga uzi hadi noti ipande. Kwa mara ya kwanza ningechukua waya wa wastani, upana 2.4 hadi 2.6 na kimo cha karibu 1.2. Unavumilia makosa madogo na unafaa mitindo mingi.

Mguu mara nyingi una unene wa karibu milimita 0.5, na vijino vyake vikihesabiwa unakaribia 0.8. Mfereji wa kawaida una upana wa karibu 0.6. Hiyo tofauti ndiyo inayoshikilia freti: mguu unaingia kwa nafasi, vijino vinauma kuta. Pima mfereji wako kwa vile vibapa vya fila wanavyotumia mafundi magari kabla hujaagiza. Kwenye gitaa lililowahi kubadilishwa freti, mifereji huwa imepanuka, na kuna waya wenye mguu mnene zaidi kwa ajili hiyo.

Kuhusu chuma: ule wa kawaida ni nikeli-silva, mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Ni laini, unakunjika, na tupa za kawaida zinauweza. Chuma cha pua hakichimbiki kirahisi na nyuzi huteleza juu yake unapozipinda, lakini kinakula tupa, kinachakaza midomo ya koleo, na kila hatua inachukua muda mrefu zaidi. Katikati yao kuna waya wa rangi ya dhahabu unaoitwa EVO, mgumu kuliko nikeli-silva na mpole kuliko chuma cha pua. Anayejifunza achukue nikeli-silva. Chuma cha pua kitamsubiri.

Kwa freti 22, mita moja na nusu inatosha. Chukua mbili ili uwe na za kuharibu.

Vifaa vyote hivi vya mafundi, vyote ni lazima?

Hapana. Visivyokwepeka ni hivi: koleo la kung'olea misumari lililosagwa mdomo hadi liwe bapa kabisa kwa mbele, ili liweze kushika freti chini ya kichwa chake, pasi ya kuchomelea, ile ya mafundi redio, nyundo ndogo yenye uso wa plastiki au shaba, kipande kirefu kilichonyooka kwelikweli cha kubandikia msasa, tupa ya kuviringishia vichwa vya freti, tupa ndogo ya pembetatu, na rula ya chuma iliyonyooka.

Kama kuna mahali pa kutumia hela zaidi, ni kwenye kile kipande kilichonyooka na kwenye tupa ya kuviringishia. Hizo mbili ndizo zinazoacha alama kwenye kazi iliyokamilika. Mashine ya kugandamiza freti ni nzuri, ila nyundo imefanya kazi hii kwa muda mrefu sana na inaendelea kuifanya.

Nianzie kwenye gitaa gani?

Shingo ya bei ndogo inayofunguliwa kwa skrubu, ubao wa rozwudi, usio na ukanda wa plastiki pembeni. Rozwudi inasamehe. Abunusi ni ngumu na inakatika vipande vidogo vidogo wakati wa kung'oa. Mepo iliyopakwa vanishi ina mambo yake, nitayaeleza. Na shingo iliyogundishwa mwilini inakunyima nafasi ya kufanya kazi ukiwa umeilaza utakavyo. Ukiweza kupata shingo iliyokwisha kutupwa, ing'oe freti zote, uzipigilie, uzing'oe tena. Mkono hujifunza kwenye kung'oa zaidi kuliko kwenye kupigilia.

Naing'oaje freti bila kubandua mbao?

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako wote.

Vijino vya mguu vimeuma nyuzinyuzi za mbao. Ukivuta freti juu, kila kijino kinataka kutoka na kipande cha ukingo wa mfereji. Kwa hiyo hatuvuti. Tunapasha moto, tunabana, na kubana kwenyewe ndiko kunakoinua.

Pitisha tone la maji kwa brashi nyembamba pande zote mbili za freti. Weka kidogo tu cha risasi ya kuchomelea kwenye ncha ya pasi ili joto lihame vizuri, kisha iburuze taratibu juu ya kichwa cha freti, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Utasikia mchemko mwembamba na kuona mvuke ukitoka ukingoni. Mvuke unalainisha mbao, joto linalegeza gundi kama ipo.

Sasa weka mdomo wa koleo kwenye ncha ya freti, ukiwa umelala bapa juu ya ubao, na ubane polepole. Midomo ikikutana chini ya kichwa, freti inanyanyuka kama nusu milimita. Usiinue mkono. Sogea milimita mbili tatu mbele, bana tena. Endelea hivyo hadi upande wa pili, rudi, na safari ya pili au ya tatu freti itakuwa imelala mkononi. Ukitazama kwa karibu wakati unabana, utaona mbao ya ukingoni ikijaribu kunyanyuka pamoja na chuma. Ukiiona, simama, rudisha joto, ushikilie ukingo huo kwa kibapa chembamba cha chuma huku ukiendelea.

Anza na freti za juu, zile za karibu na mwili wa gitaa. Hazipigwi sana, na kasoro pale haiumizi kama kasoro kwenye freti ya pili.

Vipande vimebanduka. Nifanye nini?

Usivipulize! Kila kipande kina mahali pake na kitarudi pale pale kama hakijapotea. Kirudishe kwa kibano, dondoshea tone dogo la supaglu nyepesi, kandamiza kwa kipande cha nailoni hadi ishike. Palipopotea mbao kabisa, jaza unga wa mbao ileile kisha supaglu juu yake, halafu usawazishe. Kichwa cha freti mpya kitafunika sehemu kubwa ya majeraha haya, mradi yasizidi upana wake.

Ubao wangu ni wa mepo na umepakwa vanishi. Kuna tofauti?

Ipo. Vanishi huwa imepanda hadi kwenye kichwa cha freti, na ukiinua chuma inapasuka na kubanduka kama gamba. Kabla ya joto, kata mstari pande zote mbili za kila freti kwa wembe mpya, ukiubana kwenye chuma. Joto liwe la muda mfupi, maji yasitumike. Na jua mapema kwamba ukihitaji kusawazisha ubao, vanishi itaondoka na itabidi ipakwe upya. Kwa gitaa la thamani, hapo mpe fundi mwenye uzoefu.

Mwenye Fender ya miaka ya 1950 hadi 1970 anatakiwa kujua jambo moja zaidi. Kiwandani freti zilisukumwa kutoka upande, zikiteleza ndani ya mfereji. Zikiinuliwa juu moja kwa moja, zinaweza kurarua mbao vibaya. Zinatakiwa kusukumwa zitoke upande zilikoingilia.

Freti zimetoka. Kwa nini nisipigilie mpya mara moja?

Kwa sababu hii ndiyo nafasi pekee ya kuuona ubao ukiwa uchi na kuurekebisha. Freti hufuata ubao. Kila bonde na kila kilima kilichomo kwenye mbao kitajirudia juu ya chuma, na utakiondoa kwa kukata kimo cha freti mpya ulizolipia.

Rekebisha trasi rodi hadi shingo inyooke kabisa bila nyuzi. Weka rula ya chuma kwenye njia ya kila uzi, angalia dhidi ya mwanga. Kama mwanga unapita sawasawa chini yake urefu wote, una bahati. Pitisha msasa kidogo wa kusafisha, basi. Kama sivyo, paka mistari ya chaki au penseli ubao mzima na anza kusugua kwa kibao chenye mbinuko uleule wa ubao wako.

Mbinuko huo hutajwa kwa nusu kipenyo cha duara ambalo ubao ni sehemu yake. Fender za zamani zilikuwa na milimita 184, Fender nyingi za sasa zina 241, Gibson 305, akustika za Martin 406, na gitaa la klasiki kwa kawaida ni bapa. Usikisie; kata kadibodi ya mbinuko huo, uisimamishe juu ya ubao, uone kama inakaa.

Sugua kwa msasa namba 120, mwendo mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuegemea upande. Penseli itakuambia ukweli: inapobaki ndipo palipo chini. Simama mara inapokaribia kuisha yote. Mbao ikishaondoka hairudi, na alama za lulu au plastiki zilizopachikwa ubaoni huwa nyembamba. Malizia kwa 220 na 320, ukifuata mkondo wa mbao.

Mifereji nayo inahitaji kitu?

Inahitaji mambo matatu, na ya haraka. Ikwangue kwa kichokonoo chembamba hadi gundi kavu na vumbi viishe. Hakikisha kina kinazidi mguu wa waya kwa nusu milimita hivi, hasa pembeni. Ulipousugua ubao, ulipunguza kina pia, na freti ambayo mguu wake umegota chini haitakaa kamwe hata uipige vipi. Mwisho, pitisha tupa ya pembetatu mara moja au mbili kwenye midomo ya mfereji kutengeneza mteremko mdogo. Mteremko huo unaisaidia freti kuingia, na siku atakapokuja mwingine kuing'oa, mbao haitabanduka.

Waya ukunjwe kiasi gani?

Zaidi kidogo ya ubao. Kwa ubao wa 305, kunja waya hadi karibu 250. Ukiuweka juu ya mfereji, ncha zake mbili ziguse mbao na katikati ielee kidogo. Unapopigilia katikati, ncha zinasukumwa nje na vijino vinauma kwa pembeni. Waya ulionyooka kuliko ubao hufanya kinyume: katikati inakaa, ncha zinanyanyuka baada ya wiki, na hakuna kero kubwa kwenye gitaa kama ncha ya freti inayonasa uzi mwembamba.

Kata kila kipande kikiwa kirefu kuliko ubao kwa milimita tatu kila upande. Vipange kwenye kibao chenye matundu yaliyoandikwa namba, vinginevyo utavichanganya.

Nyundo au kugandamiza? Na gundi je?

Vyote vinafanya kazi. Kwa nyundo, laza shingo juu ya mfuko wa mchanga, ili pigo lizame kwenye mbao badala ya kuruka. Gonga ncha moja, gonga ya pili, kisha rudi katikati ukitembea kwa mapigo madogo thabiti. Sikiliza. Freti inayoingia inatoa mlio mzito unaobadilika. Ikishakaa, mlio unakuwa mkavu na mfupi. Ukisikia mlio huo, acha. Mapigo ya ziada huibonyeza freti katikati na kuilegeza pembeni.

Mabishano kuhusu gundi hayaishi. Msimamo wangu: mfereji uliobana vizuri hauhitaji, lakini tone la supaglu nyepesi kwenye ncha linazuia kunyanyuka, na kwenye mifereji iliyochoka gundi inajaza nafasi ambayo vijino haviwezi kuijaza. Paka nta au mafuta mepesi juu ya ubao kando ya mfereji kwanza, ili inayomwagika isishike. Gundi isiwe kisingizio cha mguu usiolingana na mfereji.

Freti moja inarudi juu kila nikiipiga.

Itoe. Usiendelee kuipiga. Angalia kina cha mfereji, angalia kama kuna kipande cha mbao au gundi ndani, angalia kama waya haukukunjwa vya kutosha. Karibu kila mara ni mojawapo ya hayo. Chukua kipande kipya. Kilichokwisha pigwa huwa kimepinda mahali hata kama hupaoni.

Shingo yangu ina ukanda wa plastiki pembeni.

Hapo mfereji hautokezi nje, kwa hiyo mguu wa freti unatakiwa ukatwe milimita mbili hivi kila upande, huku kichwa kikiendelea kupita juu ya ukanda. Kuna koleo maalumu la kukatia mguu. Tupa pia inaweza, ila mabaki yote ya mguu yaondoke chini ya kichwa, la sivyo ncha itakalia ukanda na kunyanyuka. Kwenye Gibson nyingi ukanda umechongwa ukapanda kidogo kwenye ncha ya kila freti. Vinundu hivyo kwa kawaida hupotea freti zikibadilishwa. Mweleze mwenye gitaa kabla, kama si lako.

Ncha nizimalize vipi zisikate mkono?

Zikate kwa koleo karibu na mbao, kisha tupa ndefu ipite ubavuni mwa shingo hadi ziwe sawa na ubao. Halafu inamisha tupa kiasi cha digrii 30 hadi 35 na uchonge mteremko kwenye ncha zote kwa pamoja. Usizidishe: mteremko mkubwa unaula upande wa freti ambapo uzi mwembamba unapita, na uzi utaanza kudondoka nje.

Baada ya hapo, kila ncha ina pembe mbili ndogo kali pale chini. Chukua tupa ndogo, freti moja moja, pembe moja moja, uzizungushe. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato, lakini mtu akilishika gitaa kwa mara ya kwanza, mkono wake utakutana na hizo pembe kabla masikio hayajasikia chochote.

Freti mpya zinahitaji kusawazishwa tena?

Kidogo, na ikiwa ubao uliandaliwa vizuri, kidogo sana. Paka kila kichwa cha freti rangi ya maka peni. Bandika msasa namba 320 kwenye kile kipande kilichonyooka, ukipitishe kwa uzito wake wenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, hadi rangi iguswe kwenye kila freti. Thibitisha kwa kirula kifupi cha chuma kinachogusa freti tatu kwa pamoja: kikiyumba, ya katikati iko juu. Kabla ya kuikata, igonge. Pengine haijakaa tu.

Sasa paka rangi tena na uviringishe vichwa kwa tupa yake. Lengo ni kubaki na mstari mwembamba wa rangi katikati ya kila kichwa. Mstari huo ukiufuta, umeishusha freti hiyo chini ya wenzake, na kazi ya kusawazisha inaanza upya.

Funika mbao kwa tepu ya karatasi, kisha ng'arisha kwa msasa 400, 600, 1000, 2000. Ukitumia pamba ya chuma kumalizia, funika kwanza sumaku za kunasia sauti, maana nyuzinyuzi zake hunasa humo na hazitoki kirahisi.

Nimemaliza kupigilia na shingo imepinda kwa nyuma!

Kila mguu ni kabari ndogo. Kabari 22 zilizobana kupita kiasi zinausukuma ubao urefuke kwa juu, na shingo inainama nyuma. Kama ni kidogo, mvuto wa nyuzi utairudisha. Legeza trasi rodi, funga nyuzi, subiri siku moja. Kama inabaki, mguu ulikuwa mnene kuliko mfereji, na dawa ni kung'oa na kupanua mifereji kwa msumeno mwembamba. Kwenye magitaa yasiyo na trasi rodi mafundi huitumia tabia hii kwa makusudi, wakichagua mguu mnene ili kuinyoosha shingo. Martin za zamani ziko hivyo: hadi mwaka 1934 zilitumia freti bapa zisizo na kichwa, na unene wake ulichaguliwa kwa kila shingo.

Gitaa la akustika lina tofauti gani?

Freti zilizo juu ya mwili hazina mbao nene chini yake. Nyundo ikipiga pale, uso wa gitaa unadunda na viungo vya ndani vinaweza kuachia. Ingiza mkono kupitia tundu la sauti ukiwa umeshika kipande kizito cha chuma kilichovikwa ngozi, ukikaze chini ya freti unayoipiga. Mtu wa pili anasaidia sana hapa.

Na usalama?

Miwani, muda wote unapokata waya. Vipande vya chuma cha pua huruka kwa kasi ya kutisha. Barakoa unaposugua ubao, kwa kuwa vumbi la rozwudi linawasha mapafu na ngozi. Dirisha wazi unapotumia supaglu, na zaidi unapopasha joto freti iliyogundishwa nayo, maana moshi wake unachoma macho na koo.

Inachukua muda gani?

Panga siku mbili tatu zisizo na haraka kwa mara ya kwanza. Usiahidi mtu gitaa kwa onyesho la wikiendi hiyohiyo.

Nati ya zamani itafaa?

Kama freti mpya zina kimo kikubwa kuliko za zamani, mara nyingi haitafaa. Bonyeza kila uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, tazama nafasi juu ya ya kwanza. Panatakiwa pabaki mwanya wa kupitisha karatasi nyembamba tu. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti ya kwanza, nati iko chini: iinue kwa kibapa chini yake au uchonge mpya ya mfupa.

Nikishafunga nyuzi, nianze na nini?

Tyuni kwanza, kwa nyuzi za unene unaotumia siku zote. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, pima mwanya juu ya freti ya saba au ya nane, milimita 0.15 hadi 0.25 inafaa watu wengi, na trasi rodi ndiyo inayoupanga, robo mzunguko kwa wakati. Baada ya hapo kimo cha nyuzi kwenye daraja: kwa gitaa la umeme, karibu milimita 1.6 juu ya freti ya 12 upande mwembamba na 2 upande mnene ni pa kuanzia. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na ile inayotoka ukiugusa uzi kwa wepesi mahali hapohapo bila kuukanyaga, usogeze vitandiko vya daraja, vile vipande vidogo ambavyo kila uzi unakalia, hadi zikubaliane. Piga kila noti kwenye kila uzi. Mbao itaendelea kutulia kwa siku kadhaa, kwa hiyo upime tena mwanya ule wa freti ya saba baada ya wiki moja kabla hujakata chochote zaidi.